Madhabahu ya Chumbani, Unga wa Msolo na Altare ya Bwana



Baada ya Misa ya Dominika katika kigango kimoja cha upande wa Mkunya, mama mmoja alitusubiri mpaka watu wote walipotawanyika. Alisalimu, akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Baba Padre, binti yangu amejenga madhabahu chumbani. Nimfukuze nyumbani, au nifanyeje?" Binti huyo ana umri wa miaka kumi na tisa, amemaliza kidato cha nne, ni Mkatoliki wa kipaimara. Juu ya meza ndogo alikuwa ametandika kitambaa chenye nyota ya ncha tano, akapanga mishumaa, kikombe cha maji, kisu, mawe machache na kibakuli cha chumvi. Yote hayo aliyajifunza kwenye simu.

Mwezi huohuo tulipata habari ya familia nyingine. Kikundi cha maombi kilifika kutaka kuung'oa mti wa msolo ulio pembeni ya shamba lao la mikorosho, ambapo bibi wa ukoo huo humwaga unga kila inapokaribia jando la wajukuu. Waliambiwa kuwa pale ndipo ilipo "madhabahu ya ukoo", nayo ndiyo inayozuia ndoa za mabinti na kufaulu kwa vijana. Mti bado umesimama. Lakini bibi huyo, aliyebatizwa zaidi ya miaka sitini iliyopita, ameacha kuja kwenye jumuiya, kwa sababu wakati wa kutakiana amani watu wanaficha mikono yao.

Kwa idhini ya familia hizo mbili, na bila kutaja majina, tumeona vema kueleza jambo hili kwa upana. Neno "madhabahu" sasa limekuwa midomoni mwa watu wengi, kila mmoja akilitumia kwa maana yake. Wapo wanaolitamani, wapo wanaoliogopa, na wapo wanaolitumia kuwatisha wengine. Kanisa linafundisha nini?

Maana ya madhabahu

Neno madhabahu limetokana na Kiarabu, nalo maana yake ya asili ni mahali pa kuchinjia. Tangu mwanzo, basi, madhabahu ni mahali pa sadaka. Si pambo la nyumba wala mahali pa kutulizia mawazo tu. Nuhu alijenga madhabahu alipotoka katika safina (rej. Mwa 8:20), na Abrahamu alijenga alipotokewa na Bwana katika nchi ya Kanaani (rej. Mwa 12:7). Waisraeli waliagizwa wajenge madhabahu ya udongo, au ya mawe yasiyochongwa kwa chuma (rej. Kut 20:24-25). Baadaye wakaagizwa wasitoe sadaka zao popote wanapopaona, bali mahali atakapopachagua Bwana (rej. Kum 12:13-14).

Agizo hilo la mwisho lina uzito mkubwa kwa mada yetu. Sadaka haikuwa mali ya mtu binafsi. Ilikuwa ya taifa zima lililofanya agano na Mungu. Kitabu cha Waamuzi, sura ya 17, kinatusimulia habari za mtu aliyeitwa Mika, wa nchi ya milima ya Efraimu. Mika alikuwa na nyumba ya ibada yake mwenyewe, akatengeneza sanamu kwa fedha, akamweka mwanawe awe kuhani, kisha akamwajiri Mlawi kijana aliyekuwa akipita njiani. Alidhani kwamba sasa Bwana atamtendea mema. Mwandishi wa kitabu hicho hamlaani kwa ukali. Anaeleza tu kwamba siku zile hapakuwa na mfalme, na kila mtu alitenda kadiri alivyoona mwenyewe kuwa sawa. Katika sura inayofuata wanakuja watu wa kabila la Dani wenye silaha, wanachukua sanamu zote, na yule kuhani wa kuajiriwa anafuatana nao kwa furaha. Mika anabaki analia. Kilichojengwa na mtu kwa ajili yake peke yake hakikuweza kumlinda.

Kwa Wakristo, sadaka ni moja: Kristo aliyejitoa msalabani, ambaye mwenyewe ni Kuhani, Altare na Mwanakondoo. Ndiyo sababu Sheria za Kanisa, katika Kanuni ya 1235, zinaeleza altare kuwa ni meza ambayo juu yake huadhimishwa sadaka ya Ekaristi, na Kanuni ya 1239 inaagiza kuwa itumike kwa ibada ya Mungu peke yake. Altare ya kudumu hutabarukiwa kwa ibada rasmi. Hakuna muumini, wala padre, anayejitengenezea altare ya kwake kama atengenezavyo kabati.

Tukiwa na msingi huo tunaweza kuuliza maswali matatu mbele ya kila kitu kinachoitwa madhabahu. Nani anapokea kinachotolewa pale? Nini kinaombwa, na kwa njia gani? Na anayetoa, ametumwa na nani?

Meza iliyotoka kwenye simu

Binti wa Mkunya hakubuni meza ile. Alifuata utaratibu wa dini iitwayo Wika, mojawapo ya dini mpya zinazojiita za kipagani, ambazo zimeenea Uingereza na Marekani na sasa zinaingia kwetu kwa njia ya picha na video fupi.

Wapo wanaodai kuwa Wika ni dini kongwe ya Ulaya iliyokuwapo kabla ya Ukristo. Historia haithibitishi hivyo. Mtu aliyeitangaza hadharani ni Mwingereza Gerald Gardner (1884-1964), aliyekuwa mtumishi wa forodha huko Malaya kabla ya kustaafu na kurudi kwao. Sheria ya zamani ya Uingereza iliyohusu uchawi ilifutwa mwaka 1951, na mwaka 1954 Gardner akachapisha kitabu kuhusu jambo hilo. Mwanahistoria Ronald Hutton, katika utafiti wake uliotoka mwaka 1999, alionyesha kuwa dini hiyo kwa sura yake ya sasa ni zao la karne ya 20, iliyokusanya vipande kutoka vyama vya siri, ushairi na vitabu vya kale. Kwa hiyo msichana wa Newala anayedhani kuwa amerudi kwenye "asili" ameshika kitu kilicho na umri mdogo kuliko parokia nyingi za kwetu. Wamisionari Wabenediktini walifika Lukuledi mwaka 1895, nayo misheni ya Ndanda ilianzishwa mwaka 1906.

Meza yenyewe ina mpangilio. Vitu vinne vya asili huwekwa kwa kufuata pande nne: ardhi kaskazini, hewa mashariki, moto kusini, maji magharibi. Chumvi au jiwe husimama badala ya ardhi, ubani au manyoya badala ya hewa, mshumaa badala ya moto, kikombe badala ya maji. Kisu hakikusudiwi kukata kitu. Hutumika kuchora duara la kuwaziwa ambamo ibada hufanyika. Katikati huwekwa alama za mungu wa kike na mungu wa kiume. Siku za ibada hufuata mwezi mpevu na sikukuu nane za majira ya mwaka, majira ya Ulaya yenye theluji na machipuko, ambayo sisi tunaoishi kwa masika na kiangazi hatuyaoni.

Haki inatudai tuseme ukweli kuhusu watu hawa. Wafuasi wa Wika hawamwabudu Shetani. Walio wengi hata hawaamini kuwa yupo. Wengi wao hufundishana kutomdhuru mtu. Hatuna ruhusa ya kuwazushia uongo kwa sababu tu hatukubaliani nao, kwani amri ya nane haina kabila wala dini. Lakini tukiuliza yale maswali matatu, majibu yake hayalingani na imani yetu. Anayepokea si Mungu mmoja, Muumba wa mbingu na nchi. Kinachotafutwa mara nyingi ni kuzielekeza nguvu za asili zitii matakwa ya mtu, kwa maneno na vitendo maalumu. Na Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2117, inakataa mazoea ya namna hiyo hata pale yanapokusudia kuponya. Na anayetoa amejituma mwenyewe, kama Mika.

Kuna hatari nyingine ambayo watu wa Ulaya wanaofundisha mambo haya hawaijui. Wao hujiita kwa neno la Kiingereza ambalo kwa Kiswahili hufasiriwa kuwa "mchawi", na kwao neno hilo limekuwa la majivuno. Kwetu mchawi ni mtu anayeua watoto wa jirani usiku. Msichana akitamka kwa mzaha mbele ya wenzake, "Mimi ni mchawi", mzaha huo unaweza kusafiri kijiji hadi kijiji na kurudi kwake ukiwa mashtaka. Siku mtoto wa jirani atakapougua homa kali, nani atakumbuka kuwa binti yule alikuwa akinukuu video? Tunawasihi vijana wasichezee neno hilo, na tunawasihi wazazi wasilitumie kwa watoto wao hata katika hasira.

Unga chini ya msolo

Sasa tugeukie mti. Hapa hatuna budi kwenda polepole zaidi, kwa sababu tunazungumza juu ya bibi zetu wenyewe.

Katika nchi hii ya Masasi, Newala, Tandahimba na ng'ambo ya Ruvuma, Wayao, Wamakua na Wamakonde wamekuwa na desturi ya kumwaga unga wa mtama chini ya mti, hasa msolo. Wamakua huuita unga huo makeya. Hufanyika kabla ya jando na unyago, kabla ya safari kubwa, wakati wa ugonjwa usioisha au mvua inapogoma. Kwa kuwa koo zetu hufuata upande wa mama, anayeongoza kwa kawaida ni mjomba au bibi mkubwa wa ukoo. Huita majina ya waliotangulia, huwaeleza shida iliyopo, huachia unga ushuke taratibu kutoka mkononi mpaka ufanye kichuguu kidogo. Pengine hufungwa kitambaa cheupe kwenye mti. Katika desturi ya Kiyao kichuguu hicho huachwa usiku kucha. Kikikutwa asubuhi kimesimama vilevile, ni ishara kuwa wazee wamekubali. Kikiwa kimebomoka, safari huahirishwa au hutafutwa sababu.

Wenye kufanya hivyo hawakosi kumjua Mungu. Wamakonde humwita Nnungu, Wamakua Muluku, Wayao Mlungu, nao hawadhani kuwa babu aliyekufa ndiye aliyeumba dunia. Wengi wakiulizwa watajibu kuwa wazee wapo karibu na Mungu kuliko sisi, hivyo wanatusemea. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Nostra Aetate ya tarehe 28 Oktoba 1965, ulifundisha kuwa Kanisa halikatai chochote kilicho cha kweli na kitakatifu katika dini nyingine. Basi tunapouendea msolo tuanze kwa kuuliza kilicho cha kweli pale.

Kilicho cha kweli si kidogo. Kuna imani kuwa kifo hakikati undugu. Kuna shukrani kwa waliotuzaa, ambayo ni tunda la amri ya nne. Kuna unyenyekevu wa kukiri kuwa kijana hapelekwi jandoni kwa nguvu za baba na mama peke yao. Kanisa nalo linaamini ushirika wa watakatifu. Yuda Makabayo alikusanya fedha ili sadaka itolewe kwa ajili ya askari wake waliokufa (rej. 2 Mak 12:43-46), na kila tarehe 2 Novemba tunasimama makaburini kuwaombea marehemu wetu wote.

Lakini katika kichuguu hichohicho cha unga kuna jambo ambalo Mkristo hawezi kulibeba. La kwanza ni kuusoma unga. Kuamka alfajiri kutazama kama umesimama au umebomoka, na kwa hilo kuamua kama mtoto aende jandoni au nani katika ukoo ana kinyongo, huo ni uaguzi, ambao Maandiko yanaukataza (rej. Kum 18:10-12) na Katekisimu inaueleza katika namba 2116. Panya akipita usiku, ukoo mzima unaweza kugombana. La pili ni hofu. Pale ambapo marehemu wanapewa unga ili wasidhuru, hawaheshimiwi tena kama wazazi. Wanalipwa kodi kama mabwana wakali. Kristo alishuka kuzimu na kufufuka ili atutoe katika utumwa huo. La tatu ni kuwaomba marehemu, kwa uwezo wao wenyewe, yale ambayo Mungu peke yake hutoa: mvua, uzazi, uhai.

Mpaka kati ya heshima na ibada hauonekani kirahisi kama ulivyochorwa vitabuni. Kanisa lenyewe limechukua muda mrefu kuutambua. Kuhusu heshima ambazo Wachina huwapa wazee wao waliokufa, mabishano yalidumu kwa karne kadhaa, na wamisionari walikatazwa kuziruhusu. Ni tarehe 8 Desemba 1939, wakati wa Papa Pio XII, Roma ilipotangaza kuwa zile zilizo na maana ya kijamii tu zaweza kuruhusiwa. Hapa kwetu, Waanglikana wa Masasi, chini ya Vincent Lucas aliyekuwa Askofu wao wa kwanza kuanzia mwaka 1926, walilichukua jando na kulipa sala za Kikristo, wakiacha yale waliyoona yanapingana na Injili. Kazi hiyo ilisifiwa na wengine na kulaumiwa na wengine. Tunaitaja ili ionekane kwamba swali hili limewasumbua watu wenye imani na akili kabla yetu, na halitatuliwi kwa shoka.

Je, tukate mti?

Wanaotaka kuukata msolo hutaja habari za Gideoni, aliyeibomoa madhabahu ya Baali na kukata nguzo iliyokuwa kando yake (rej. Amu 6:25-27). Andiko hilo ni la kweli, lakini lisomwe lote. Gideoni aliagizwa na Bwana, si na uvumi wa kijiji. Alibomoa madhabahu iliyokuwa ya baba yake mwenyewe, si ya bibi wa watu wengine. Na hakuacha mahali patupu: alijenga madhabahu ya Bwana.

Historia ya Kanisa ina njia mbili. Katika karne ya 8 Mtakatifu Bonifasi aliukata mwaloni uliowekwa wakfu kwa miungu huko Geismar, Ujerumani, na kwa mbao zake akajenga kikanisa. Zaidi ya karne moja kabla yake, mwaka 601, Papa Gregori Mkuu alimwandikia Abate Melito, aliyekuwa safarini kwenda Uingereza, akiagiza kwamba mahekalu ya wapagani yasibomolewe. Sanamu ziondolewe, maji ya baraka yanyunyizwe, altare zijengwe humo, ili watu waendelee kuja mahali walipopazoea huku wakimwabudu Mungu wa kweli. Wote wawili ni watakatifu. Tofauti ni kwamba kila mmoja aliijua hali ya watu wake, na kila mmoja alikuwa ametumwa na Kanisa. Aliyeshika shoka bila kutumwa hawezi kujiita Bonifasi.

Tena tunapaswa kusema wazi juu ya mafundisho ya "madhabahu za ukoo" yanayoenezwa siku hizi. Mungu, kwa kinywa cha nabii Ezekieli, sura ya 18, anafundisha kuwa mwana hatabeba uovu wa baba yake. Wanafunzi walipomwuliza Yesu kama kipofu yule alizaliwa hivyo kwa dhambi yake au ya wazazi wake, alijibu kuwa si hivyo wala vile (rej. Yn 9:1-3). Kijana akifeli mtihani, tuulize kwanza kama alikuwa na vitabu na mwalimu, na kama alishinda na njaa. Binti asipopata mchumba, asitafutiwe mzizi wa mti. Mafundisho yanayomfanya mjukuu amtazame bibi yake kama chanzo cha mikosi yake hayatoki kwa Roho Mtakatifu, hata yakisemwa kwa sauti kubwa na jina la Yesu. Na yanafanana mno na uaguzi yanaodai kuupinga: nao huuliza nani katika ukoo ametufanyia hivi.

Tunakiri pia upungufu wetu sisi mapadre. Mara nyingi tumeulizwa juu ya unga tukajibu neno moja, "dhambi", kisha tukapanda pikipiki kuwahi kigango kingine. Jibu hilo halikuwa uongo mtupu, lakini liliwaacha watu na mti wao na hofu yao, wakajifunza kutotuuliza tena. Papa Benedikto XVI, katika waraka wa Africae Munus wa mwaka 2011, namba 93, aliwaomba wachungaji wa Afrika walitazame kwa makini tatizo la waamini wanaogawanyika kati ya imani yao na mazoea ya uchawi. Kutazama kwa makini kunahitaji kuketi.

Kona ya sala nyumbani

Tuliketi na yule binti, mama yake akiwapo. Hatukuanza na kisu. Tulimwuliza alipendea nini meza ile. Alitazama chini, akajibu: "Padre, kigangoni tunapata Misa mara moja kwa mwezi. Bibi alipofariki sikuwa na mahali pa kukaa nikamkumbuka. Pale nilikuwa nawasha mshumaa, nakaa kimya."

Jibu hilo lilitufundisha kuliko lilivyomfundisha yeye. Alikuwa na kiu ya kweli, na Kanisa lina maji, lakini hakuna aliyemwonyesha kisima. Katekisimu, namba 2691, inahimiza nyumba ya Kikristo iwe na mahali palipotengwa kwa sala, penye Maandiko Matakatifu na picha takatifu. Si altare, wala haipaswi kuitwa hivyo, maana haitolewi sadaka pale. Ni kona inayoelekea altare, kama njia ya miguu inayoelekea barabarani.

Namna ya kuitengeneza ni rahisi. Tafuteni meza ndogo au rafu safi, mahali ambapo familia yaweza kukutana. Tandikeni kitambaa cheupe. Wekeni msalaba katikati, Biblia iliyofunguliwa mbele yake, na Rozari. Ongezeni picha ya Bikira Maria au ya mtakatifu msimamizi. Mshumaa waweza kuwa ule uliobarikiwa tarehe 2 Februari, Sikukuu ya Kutolewa Bwana Hekaluni. Tawi liwe la Jumapili ya Matawi. Kwa nyumba zilizoezekwa nyasi, mshumaa usimame ndani ya chombo cha udongo, na uzimwe kabla ya mtu kulala. Kwenye daftari andikeni majina ya marehemu wa ukoo, wa upande wa mama na wa baba, na kila jioni ombeeni jina moja au mawili. Padre akija kubariki nyumba, mwonyesheni kona hiyo.

Jambo moja la kuangalia. Maji ya baraka, mshumaa na medali ni visakramenti; vinatutayarisha kupokea neema kwa njia ya sala ya Kanisa na imani yetu. Si hirizi. Anayenyunyiza maji ya baraka mlangoni ili "yamnase" jirani, au anayeficha medali chini ya mto ili apate mume, amehamisha msolo na kuuingiza ndani ya nyumba. Katekisimu inalionya jambo hilo katika namba 2111. Dhambi ya ushirikina yaweza kuvaa Rozari shingoni.

Maelekezo kwa waamini

Kwa wazazi: msimfukuze kijana aliyejitengenezea meza ya namna hii. Akifukuzwa, ataenda kwa wale tu wanaomwelewa, nao wako ndani ya simu. Mwulizeni anatafuta nini, kisha mleteni kwa katekista au padre. Akitaka kurudi, Sakramenti ya Upatanisho iko wazi, na vitu vya ibada ile aviache kwa hiari yake, si kwa kuchomewa mbele ya majirani.

Kwa wajomba na bibi wanaoombwa kuongoza kabla ya jando: mnaweza kukutanisha ukoo, kuwataja kwa shukrani waliotangulia, kumwomba Mungu awarehemu na awalinde watoto, na kuwawekea watoto mkono kichwani. Toeni nia ya Misa kwa marehemu wa ukoo kabla vijana hawajatoka nyumbani. Msiusome unga, msiwaombe marehemu yaliyo ya Mungu, wala msiende kwa mganga kuuliza nani ana kinyongo. Waambieni ndugu msimamo huu mapema, kwa adabu, ili siku ya shughuli pasiwe na aibu. Na kwa kuwa ibada si mali ya mtu binafsi, msibuni taratibu mpya wenyewe. Lileteni jambo kwa Paroko, naye alifikishe kwa Baba Askofu.

Kwa viongozi wa jumuiya ndogo ndogo, WAWATA na VIWAWA: hakuna mwenye mamlaka ya kuingia kwenye shamba la mtu kukata mti au kutaja jina la mzee kuwa chanzo cha mikosi. Anayefanya hivyo anamjeruhi ndugu ambaye Kristo alimfia (rej. 1 Kor 8:11).

Yule bibi wa msolo tulimtembelea. Tulimkuta anapepeta mtama. Alipoulizwa alichokuwa akisema chini ya mti, alitaja majina tisa, la mwisho likiwa la mwanawe aliyezama Ruvuma, ambaye mwili wake haukupatikana na ambaye kwa hiyo hana kaburi la kupalilia. Tuliyaandika majina yote tisa. Misa kwa ajili yao itaadhimishwa kigangoni mwezi wa Novemba, na jumuiya yake imeombwa kwenda kumchukua nyumbani siku hiyo na kutembea naye mpaka kanisani. Kuhusu unga, mazungumzo yetu naye hayajaisha. Ameahidi kufikiri, nasi tumeahidi kurudi. Yesu alifundisha kwamba mtu akileta sadaka yake altareni na pale akakumbuka kuwa ndugu yake ana neno juu yake, aiache sadaka, akapatane kwanza (rej. Mt 5:23-24). Kabla ya Novemba, waliouficha mkono wao wanajua njia ya kwenda kwa bibi huyo.